Barua ya wazi kwa wanaoshika funguo za kumbi zetu, Lindi

Waheshimiwa viongozi na wasimamizi wa kumbi za umma mkoani Lindi,

YAH: MALENGA KUPEWA JIONI YAKE UKUMBINI

Shikamooni kwa mlionizidi umri, na kwa wengine hamjambo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, mkazi wa Lindi mjini. Naandika kuhusu Jumamosi moja ya mwezi wa saba, siku chache baada ya maadhimisho ya Siku ya Kiswahili Duniani, na kuhusu kufuli moja. Ukumbi sitautaja, wala ofisi inayoushika. Nimeongea na wenzangu wapenda mashairi wa wilaya nyingine, na nimeona jambo hili haliwezi kubebeshwa mtu mmoja. Nawaandikia ninyi nyote mnaoshika funguo za kumbi zilizojengwa kwa kodi na kwa nguvu za wananchi.

Tuko kikundi kidogo cha watu tunaokutana kila mwisho wa mwezi kusomeana mashairi. Tulianza sita, sasa tunafika ishirini na kitu. Mwaka huu tuliamua kumwalika malenga kutoka Newala aje asome mbele ya watu wa Lindi. Ni dada wa miaka thelathini na kitu, mwalimu wa shule ya msingi, ana kitabu kimoja alichokichapisha kwa fedha za korosho za baba yake. Tulipeleka barua ya maombi wiki tatu kabla. Tukaambatisha barua ya mwenyekiti wa mtaa, tukapita kwa afisa utamaduni, tukapewa kontroo namba, tukalipa. Kwenye fomu palikuwa na mahali pa kujaza aina ya shughuli: harusi, mkutano, semina, muziki, mengineyo. Tukaandika "usomaji wa mashairi" kwenye mengineyo. Karani alituuliza mara mbili kama patakuwa na muziki. Tukamwambia hapana, mtu mmoja atasoma na wengine watasikiliza. Akatutoza bei ya harusi. Simlaumu, kwa sababu jedwali lake la ada halikuwa na bei nyingine ya kututoza. Tulichangishana wiki mbili nzima mpaka ikatimia, na mwanafunzi mmoja alileta mia tano tano zake mara nne.

Shughuli ilipangwa kuanza saa 10 alasiri. Saa hiyo tuliichagua kwa hesabu. Watu wanakuwa wamekwishaswali alasiri. Wakulima waliokuja mjini kufuatilia fedha za ufuta wanakuwa wamemaliza mizunguko yao. Na wale wa ng'ambo, wa Kitunda, wanapata muda wa kutosha kusikiliza na bado wakawahi boti kabla giza halijaingia. Anayeijua ghuba yetu anajua kwamba mama mwenye mjukuu mgongoni hawezi kuambiwa asubiri mpaka saa 2 usiku.

Nilifika saa 9. Mlango ulikuwa na kufuli. Mlinzi, mzee wa heshima zake, aliinuka kwenye benchi lake akaniambia, "Mwalimu, nimepigiwa simu niufunge. Kuna kikao cha dharura, wageni wako njiani." Nikamtolea risiti. Aliisoma yote, mpaka tarehe na muhuri, kisha akanirudishia kwa mikono miwili. "Risiti naiona, Mwalimu. Ila ufunguo wenyewe wameshauchukua." Nikapiga namba niliyopewa siku ya kulipia. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena na tena, mpaka simu yangu ikabaki na chaji kidogo, nikaacha kwa kuwa mgeni alikuwa bado njiani na ningehitaji kumwelekeza.

Nilichungulia kwenye nondo za dirisha. Viti vyetu vilikuwa pale pale tulipoviacha Ijumaa jioni, themanini, safu nane za kumi kumi, na mbele meza ndogo iliyotandikwa kitenge. Kitenge hicho alikileta binti wa kidato cha tatu kutoka kwao, bila kuambiwa na mtu. Waheshimiwa, wageni wa kikao cha dharura hawakuja. Hawakuja saa 10, wala saa 11, wala usiku. Ukumbi ule ulishinda mtupu siku nzima huku watu waliokuwa na risiti yake wamekaa nje kwenye ngazi.

Na watu walikuja. Walikuja wanafunzi wa shule tatu. Alikuja fundi cherehani na mke wake, na muuza samaki aliyekwishauza. Walikuja wazee wawili kutoka Mtama waliosikia habari hizi kwenye daladala. Kutoka Kitunda walikuja wanawake kumi na mmoja, mmoja wao bibi ambaye huko kwao ndiye manju, akianza wimbo wengine wanaitikia. Alikuwa amefunga ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, kwenye kanga, zawadi ya mgeni.

Mpaka saa 11 tulikuwa bado tunabembeleza simu. Mgeni wetu alikuwa ametulia tu, ameketi ngazini na kitabu chake mapajani. Mwishowe ndiye aliyesema, "Mwalimu, baraza hii inatosha. Nisogezeeni huyo babu mwenye mkongojo, nataka nimwone uso." Mlinzi akaliburuta benchi lake mwenyewe, akamkalisha babu. Tukaanza hivyo.

Alifungua kwa tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, akaighani kwa sauti ya taratibu isiyohitaji kipaza sauti. Kisha akasoma shairi la kangomba, ile biashara ya walanguzi kununua korosho za mkulima kwa kipimo cha bakuli, hata kabla hazijavunwa. Watu wa kusini hawahitaji kuelezwa kangomba ni nini. Shairi linaanza na mlio wa bakuli likigongwa ubavuni ili korosho zishuke, zipate kuingia nyingine juu yake. Halafu linahesabu. Bakuli la kwanza limekwenda kwenye dawa ya mtoto, la pili kwenye sare, la tatu kwenye deni la bakuli la mwaka jana. Kila likigongwa, yeye naye aligonga ngazi kwa ukucha, mara mbili. Mmoja wa wale wazee wa Mtama alicheka bakuli la kwanza. Kwenye la tatu alikuwa ameinamisha kichwa.

Shairi lile halina vina wala mizani, na babu mwenye mkongojo hakulipitisha hivi hivi. "Mjukuu wangu, umesoma vizuri, Mungu akubariki. Lakini hilo ni shairi? Vina umeviweka wapi?" Watu wakacheka kidogo, yeye hakucheka, alikuwa anauliza kweli. Dada akampa shikamoo upya, akamjibu, "Babu, hili nililiandika kwanza kwa vina. Likawa tamu. Nikalisoma kwa watu wakapiga vigelegele, hakuna aliyesikia habari ya yule mtoto mgonjwa. Ndiyo nikaviondoa." Babu akasema hajaridhika. Muuza samaki akasema yeye ameridhika. Kijana wa kidato cha nne akasimama upande wa babu. Ugomvi wa wanamapokeo wanaodai vina na mizani na wanausasa wanaoviacha, ambao umewashughulisha wasomi wetu tangu miaka ya 1970, ulijadiliwa pale kwenye ngazi kwa robo saa na watu ambao wengine hawajawahi kuingia darasa la fasihi. Nimefundisha miaka mingi. Sijawahi kupata kipindi kama kile.

Katikati ya mjadala huo bibi wa Kitunda alisimama. Kandambili zake zilikuwa mkononi, tayari kwa mbio za ufukweni, kwa kuwa wenzake walikuwa wameanza kumwita. Akasema anaomba amjibu mgeni kabla hajaondoka. Akatoa ubeti huu, hapo hapo, bila karatasi:

Mlango umefungiwa, nasi tuko barazani,
Sauti haikutiwa, kufuli la ukumbini,
Mwanangu umejaliwa, sema nasi hadharani,
Mie ninachelelewa, jua lashuka bondeni.

Akamkabidhi mgeni ming'oko yake, akaondoka. Usiku ule niliuandika ubeti nikahesabu mizani: nane kwa nane, mishororo yote minne, vina vya kati na vya mwisho havikuyumba hata kimoja. Mama huyu alivuka maji kuja kusikiliza mashairi, na alipata dakika kama ishirini hivi. Saa nzima na zaidi aliyokuwa aipate ndani, ameketi kwenye kiti kilicholipiwa, ilipotea tukiwa tunapiga simu isiyopokelewa. Wenzake kumi waliondoka naye. Hiyo ndiyo hasara ninayowaandikia. Fedha za ukumbi tutazifuatilia kwa barua nyingine.

Sisi tuliobaki tulisimama kwa swala ya magharibi, tukarudi, tukaendelea kwa tochi za simu mpaka karibu saa 2. Mbu walitula. Vitabu kumi na saba vilinunuliwa pale pale gizani. Tulipokuwa tunaondoka mlinzi aliniomba nimwandikie ubeti wa bibi kwenye karatasi, nikamwandikia nyuma ya risiti.

Sasa niseme lililonikaa moyoni muda mrefu kuliko kufuli. Malenga wa mkoa huu mnawajua vizuri. Akija mgeni rasmi kuzindua kisima au zahanati, malenga anatafutwa mapema, anaambiwa atunge beti sita, ataje jina la mgeni na jina la mradi, asizidi dakika tatu. Anasimama juani kabla ya itifaki, anasoma, anapigiwa makofi, anapewa soda. Mimi mwenyewe nimewatungia wanafunzi wangu ngonjera nyingi za namna hiyo, na sina ugomvi na ngonjera. Mathias Mnyampala alizipigania kwa moyo, na baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 zilifika vijijini zikafundisha watu. Lakini malenga ambaye maisha yake yote tunamsikia kwa dakika tatu, tena akimsifu mtu ambaye bado yuko njiani, hatumjui ni nani. Hatujui anaogopa nini. Hatujui kwamba ana shairi la kangomba. Ili tulijue, anahitaji saa mbili, watu waliokaa, na jioni ambayo si ya mgeni mwingine ila yeye.

Inaniuma zaidi kwa sababu ni Lindi. Abdul Karim bin Jamaliddini aliishi hapa, akatunga utenzi wa Vita vya Maji Maji, vita ambavyo cheche yake ya kwanza iliwaka Nandete, Kilwa, mwaka 1905, watu walipong'oa pamba ya kulazimishwa. Utenzi ule ulichapwa mwaka 1957 ukiwa na tafsiri ya Kiingereza kando yake. Na utenzi si wa kusomwa kimya kimya. Vipande vyake vya mizani nane, kina cha mwisho kikirudi kila ubeti, vimekaa hivyo kwa ajili ya koo la mtu na masikio ya waliomzunguka. Ebrahim Hussein, aliyevipeleka vita hivyo hivyo jukwaani, alizaliwa mkoa wetu huu mwaka 1943, na leo kuna tuzo ya ushairi yenye jina lake. Nimewauliza wanafunzi wangu. Mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria, wanamjua, wanajua kwamba mifupa yake ilibebwa vichwani mpaka bandari ya Lindi na kwamba sasa amesimamishwa Berlin. Utenzi uliotungwa na mtu wa mji wao hawajawahi kuusikia ukighaniwa hata mara moja. Wangeusikilizia wapi?

Huenda wapo kati yenu wanaoona kwamba mashairi ni jambo la kuangaliwa kwa tahadhari, kwamba mtu akishika kipaza sauti usiku hujui atasema nini. Naiheshimu hofu hiyo, nami sitawadanganya kwamba shairi la kangomba halichomi. Linachoma. Liliwachoma hata wakulima wenyewe waliokuwepo, kwa kuwa nao huiuza korosho ikiwa bado maua. Lakini njooni msikilize. Tutawawekea viti kati ya watu, pembeni ya babu mwenye mkongojo, na kama mna swali mtauliza kama yeye alivyouliza, na mtajibiwa.

Ninachoomba ni hiki. Kwenye jedwali la ada wekeni mstari wa usomaji wa mashairi na vitabu, uwe na bei ya kulipia umeme na usafi, isiwe ya harusi. Sisi hatuuzi tiketi wala hatuna kamati ya kuchangisha kadi. Na mwananchi akishalipa akapewa risiti, tarehe yake iheshimiwe. Ikitokea dharura ya kweli, na najua dharura hutokea, apigiwe simu siku moja kabla na apewe chumba kingine, hata darasa, hata ofisi ya kata. Aliyelipa elfu zake kwa kuchangishana asigundue mlangoni.

La pili ni kubwa kidogo, nalo halihitaji bajeti mpya. Tengeni jioni moja ya kila mwezi, katika ukumbi mmoja wa kila wilaya, iwe ya malenga. Jumamosi alasiri inafaa kuliko usiku, kwa ajili ya wanawake na kwa ajili ya wanaovuka maji. Mwezi huu asome wa Kilwa, mwezi ujao wa Liwale, mwezi mwingine mgeni kutoka Masasi au Unguja. Mgeni alipwe nauli na chakula, si soda. Wanafunzi wa kidato cha nne wanaofanya mtihani wa ushairi waletwe wamwone mtunzi akikosea mstari na kuurudia, waelewe kwamba shairi hutungwa na mtu. Tarehe 7 Julai tunatundika mabango ya lugha yetu, tangu UNESCO ilipoipa siku hiyo heshima mwaka 2021, na nafurahi sana kila nikiyaona. Naomba mwezi wa nane nao uwe na kitu, na wa tisa, kabla msimu wa korosho haujapamba moto na watu kutawanyika mashambani.

Kazi ya kuandaa tutaifanya sisi. Tutapanga viti na kufagia baadaye, tutaandika majina ya waliohudhuria na kuwaletea nakala. Mkitaka tusajiliwe kwanza, tuelekezeni dirisha, tutapanga foleni. Fundi cherehani amejitolea kushona pazia la dirisha la upande wa magharibi, kwa sababu alasiri jua humpiga msomaji machoni. Alilipima mwenyewe kwa macho kutokea nje, kupitia nondo.

Dada wa Newala amekubali kurudi. Anasema ana shairi jipya, na hili lina vina, amelitunga kwa ajili ya babu. Bibi wa Kitunda naye amenitumia mtu mara mbili kuuliza tarehe, maana safari hii anataka kuja na wenzake wote na apange boti mapema. Nimemjibu kwamba nimewaandikia ninyi, na nikipata jibu nitavuka mwenyewe kwenda kumwambia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Kiswahili, Lindi